Meza Imeisha

Mbagala ukisema "kipanya", mtu wa umri wangu anaanza kupapasa mfuko akitafuta nauli. Kipanya kwetu ilikuwa Hiace ya abiria, ile iliyokukunja magoti tangu Rangi Tatu mpaka mjini, na kwa msomaji wa magazeti Kipanya ni mchora katuni. Neno lilishawahiwa. Ndiyo maana, vitabu vya kompyuta viseme vinavyosema, kidude kile kinachosukumwa mezani mtaani tunakiita mausi, nami nitakiita hivyo. Cha PlayStation ni pedi, na hilo halina mjadala kuanzia Tandika hadi Tegeta.

Mimi ni fundi kompyuta. Pembeni ya meza ya ufundi nina banda la gemu: PS4 mbili, ambazo ndizo zinazolipa kodi ya pango, na kompyuta tatu za mtumba kutoka Kariakoo, zile Dell Optiplex nyembamba zilizostaafu maofisini, nilizozipachika kadi ndogo za picha za GT 1030 kwa sababu haziombi waya wa ziada wa umeme. Kwenye PS4 wanacheza mpira, na mara moja moja gemu za kurushiana risasi. Kwenye kompyuta ni risasi tupu, hasa Counter-Strike 2, kwa picha za kiwango cha chini kabisa. Tangu itoke Septemba 2023 ni ya bure, ila ukubwa wake unaweza kumeza bando la mwezi mzima, kwa hiyo kwangu iliingia ndani ya diski ya nje, imebebwa kwenye daladala kama kifurushi cha nyama.

Mwaka jana akaja dogo mmoja wa Charambe. Kwenye Black Ops 3, skrini ikigawanywa mbili, hakuna anayemgusa hapa bandani. Wenzake wanamlipia mechi ili tu wamwone akicheza na mgeni. Siku hiyo PS4 zote zilikuwa na watu, akaamua kujaribu kompyuta. Dakika ya kwanza aliitumia kutazama dari. Ya pili akatazama miguu yake mwenyewe. Akafa, akafufuka, akafa. Kisha akaanza kugeuka kulia kumtafuta aliyemuua, akawa anaisukuma mausi kulia, kulia, kulia, mpaka ikagota kwenye ukingo wa meza, naye akatulia pale kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

"Fundi," akaniita, "meza imeisha."

Benchi zima lilicheka, nami nilicheka. Usiku nikifunga banda ndipo nilipoona kuwa dogo alikuwa amesema kwa maneno mawili jambo ambalo mimi nilikuwa nalieleza vibaya kwa muda mrefu. Kwenye pedi hakuna kitu kinachoisha. Ukitaka kugeuka kulia, unasukuma kijiti kulia na kukishikilia. Ukikishikilia saa nzima, mtu wako atazunguka saa nzima. Hakuwa na sababu yoyote ya kujua kwamba mausi ikifika ukingoni inanyanyuliwa hewani, inarudishwa katikati, inashushwa, kazi inaendelea. Mimi nilikuwa nalifanya hilo kwa zaidi ya miaka 20 bila kujua kwamba ni jambo la kufundishwa.

Tofauti yenyewe ni hii. Kijiti cha pedi hakiiambii gemu uangalie wapi. Kinaiambia uzunguke kwa kasi gani. Ukikisukuma kidogo unazunguka polepole, ukikifikisha ukingoni unazunguka mbio, ukikiachia unasimama. Ni koki ya bomba: unaamua maji yatoke kwa nguvu kiasi gani, ila ndoo ikikaribia kujaa ni juu yako kuwahi kuifunga. Mchezaji hodari wa pedi ni mtu aliyezizoea ndoo. Anajua bila kuhesabu kwamba akisukuma kijiti nusu, kwa kitambo kidogo kabisa, alama ya kulengea itamfikia aliyesimama mlangoni. Dole gumba lake limehifadhi muda.

Mausi haijui muda, inajua mahali. Isogeze sentimita tano na alama inahama kiasi kile kile, uwe umeisogeza taratibu au kwa pupa. Simamisha mkono, kila kitu kimesimama. Hakuna koki ya kuwahi kufunga. Unaweka kikombe mezani, basi. Na mwili wa binadamu umeumbwa kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1899 mwanasaikolojia wa Marekani, Woodworth, alieleza kuwa mkono unaoelekea kwenye lengo huenda kwa vipande viwili: mruko wa kwanza wa haraka, kisha masahihisho madogo madogo yakiongozwa na macho. Mtazame mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano, utaviona vipande vyote viwili. Mwaka 1954 mwenzake Paul Fitts akaliwekea jambo hilo hesabu: kadiri lengo linavyokuwa mbali au dogo, ndivyo mkono unavyochelewa, na kuchelewa huko kunaweza kutabiriwa kwa kanuni. Mausi inauachia mkono uende hivyo hivyo ulivyozoea tangu utotoni. Pedi inaupitisha kwenye bomba kwanza.

Mausi haikutengenezwa kwa ajili ya vita. Douglas Engelbart aliionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, akiitumia kuhariri maandishi, na ile ya kwanza kabisa ilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili. Hata Doom ilipotoka mwaka 1993, wengi waliicheza kwa kibodi peke yake. Ilikuja Quake mwaka 1996, iliyokuruhusu kulenga juu na chini, na mwaka uliofuata kijana Dennis Fong, aliyejulikana kwa jina la Thresh, akashinda mashindano ya Quake na kuondoka na Ferrari nyekundu ya mmoja wa waundaji wa gemu hiyo, John Carmack. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye mausi, wa kushoto kwenye herufi W, A, S na D. Walioona Ferrari wakahamishia vidole vyao hapo hapo, na ndipo vilipo mpaka leo.

Upande wa pedi walijua tangu mapema kwamba dole gumba peke yake halitoshi. GoldenEye ya mwaka 1997 ilikuwa inaivuta bunduki yenyewe kumwelekea adui. Halo ya mwaka 2001 ikaufanya msaada huo uwe wa kichinichini, mpaka mchezaji akaamini kwamba mkono ni wake. Karibu kila gemu ya risasi ya pedi leo ina kitu hicho, na huwa kimewashwa tangu unapoifungua mara ya kwanza. Kwa kawaida kina sehemu mbili. Ya kwanza: alama yako ikipita juu ya adui, kijiti kinapungua kasi. Yaani mtu mwingine amekufungia koki nusu wakati ndoo inajaa. Ya pili ni ya ujanja zaidi: adui akikatiza mbele yako, huku wewe mwenyewe ukitembea kidogo kwa kijiti cha kushoto, macho ya mtu wako yanazunguka kidogo kumfuata, hata kama dole gumba la kulia halijashtuka. Kwenye Call of Duty hili ni kubwa kiasi kwamba wanaocheza kwa mausi, wakikutanishwa uwanja mmoja na wa pedi, ndio siku hizi wanaolalamika. Waundaji wa Apex Legends waliupunguza nguvu msaada huo mwaka 2024 baada ya ugomvi wa muda mrefu. Valorant imekataa pedi kwenye kompyuta moja kwa moja, na ilipofika PS5 na Xbox mwaka huo huo, wa pedi waliwekewa uwanja wao, bila kuchanganywa na wa kompyuta.

Nilipomweleza dogo haya, hakuyapenda.

"Kwa hiyo mimi sijui?"

Anajua. Anajua mlango upi hutoka mtu, anasikia hatua za nyuma yake kabla ya mimi kuzisikia, anajua kukaa kimya pembeni ukutani huku mwenzake akihangaika. Hayo yote anahama nayo. Kinachobaki nyuma ni dole gumba, pamoja na yule msaidizi asiyeonekana aliyekuwa akilishikilia. Ndiyo maana wiki ya kwanza inauma kuliko inavyostahili: unapoteza ulichokuwa nacho, halafu unagundua kwamba sehemu yake ulikuwa umeazimwa. Wengi wanarudi kwenye pedi hapo hapo wakisema kompyuta ni ya watoto wa shule. Siwalaumu. Mtu aliyekuja kulipa mia tano yake ili aburudike hana deni la kudhalilika mbele ya benchi.

Ajabu ni kwamba wanaozoea mausi haraka bandani kwangu hawatoki kwenye PS. Wanatoka kwenye simu. Vijana wa Free Fire, PUBG na Call of Duty ya simu, ambao ndio wengi mtaani kwa sababu simu kila mtu anayo, nilikuwa nikiwadharau kidogo. Lakini fikiria wanachofanya: wanaburuta dole gumba juu ya kioo ili kugeuka, na kidole kikifika ukingoni mwa simu wanakinyanyua, wanakirudisha, wanaendelea. Kidole kikisimama, kila kitu kinasimama. Hiyo ni mausi ndogo isiyo na waya. Wa PUBG wanaolenga kwa kuinamisha simu yenyewe wako mbele zaidi, maana wameshaufundisha mkono wote kulenga. Kijana wa Free Fire hajawahi kuniambia meza imeisha. Analonisumbulia ni "sensi."

Sensi ndiyo sehemu niliyoifanyia kazi zaidi, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapa. Mausi ina kipimo kinachoandikwa DPI kwenye boksi: idadi ya hatua inazohesabu ukiisogeza inchi moja. Muuzaji atakuambia kubwa ndiyo nzuri. Si kweli, 800 inatosha mtu yeyote bandani kwangu. Gemu nayo ina namba yake, ile sensi, inayozidisha hatua hizo. Kwenye Counter-Strike, sensi ikiwa 1, kila hatua inakugeuza nyuzi 0.022. Kuzunguka mzima, nyuzi 360, kunahitaji basi hatua 16,364 hivi. Kwa mausi ya 800 hizo ni inchi 20 na nusu, yaani sentimita 52. Sensi ikiwa 5, mzunguko ule ule unakuwa sentimita 10 na kidogo.

Mtu anayetoka kwenye pedi huchagua ya 5, tena akiweza 8, kwa sababu anaogopa meza kuisha. Anaona uhuru, kwamba akitikisa kifundo cha mkono amegeuka nyuma. Lakini kwa sensi 5 milimita moja ya mkono ni nyuzi tatu na nusu za gemu, na kichwa cha adui aliye mbali hakifiki hata nyuzi moja. Hakuna mkono wa binadamu, achilia mbali mkono ulioshika chai ya moto asubuhi ile, unaoweza kulenga robo ya milimita kila mara. Kwa sensi 1 milimita ile ile inakuwa nyuzi 0.7. Hapo mkono una pa kupumulia.

Kwa hiyo natumia futi ya fundi cherehani. Nina moja ya njano, nimeibandika kwa gundi kwenye ukingo wa mbele wa meza. Mchezaji anasimama mbele ya ukuta ndani ya gemu, anaweka alama kwenye tundu la risasi, anaisogeza mausi kulia mpaka alirudie tundu lile lile, tunasoma futi. Ikiwa chini ya sentimita 20, naipunguza bila kuuliza. Nawaanzishia kati ya 35 na 50, na nawakataza kugusa kwa wiki mbili. Hili la pili ni gumu kuliko la kwanza. Kila anayekufa anataka kubadilisha sensi, na kila akiibadilisha mkono unaanza kujifunza upya. Nimefikia kuifunga ile faili ya mipangilio ili isihifadhi mabadiliko.

Sasa, sentimita 50 zitapatikana wapi? Meza zangu ni za mbao za sentimita 80, na kibodi ya kawaida yenye namba pembeni inakula 45. Jibu lilipatikana zamani na wachezaji wa mashindano waliobanwa kwenye meza ndogo: kibodi inageuzwa mshazari, upande wa herufi ukikukaribia na upande wa namba ukielekea ukutani, mpaka wengine wanaisimamisha kabisa. Ukiingia bandani kwangu utadhani mtu kazigonga kibodi akipita. Viti nimevipandisha kwa matofali ili kiwiko kiwe juu ya meza, kwa sababu kwa sensi ndogo kinachosogea ni mkono mzima kutoka begani, na kifundo kinabaki kwa yale masahihisho ya mwisho aliyoyasema Woodworth. Anayezungusha kifundo peke yake saa nne mfululizo ndiye anayekuja kesho yake amekishika.

Uso wa meza nao una neno. Mausi ya siku hizi chini yake ina taa na kamera ndogo inayopiga picha za meza maelfu kwa sekunde na kuzilinganisha ili ijue imesogea kiasi gani. Ikipewa kitu kinachong'aa au chenye uwazi inachanganyikiwa. Mke wangu alinipa kitambaa cha meza cha nailoni chenye maua makubwa ili banda lipendeze. Wiki nzima alama zilikuwa zinaruka zenyewe na mimi nafungua mausi moja baada ya nyingine natafuta uchafu. Siku hizi natumia vipande vya zulia jembamba la sakafuni, upande wa nyuma ukiwa juu, vilivyokatwa kwa kisu. Halafu kuna jasho. Joto la Februari hapa mnalijua: mkono mtupu unaganda kwenye meza kama chapati iliyokosa mafuta. Ughaibuni wanauziwa mikono ya kitambaa ya kuvaa mpaka juu ya kiwiko. Sisi tunakata soksi ndefu ya mpira upande wa vidole, tunaivaa mkononi, na mkono unateleza vizuri. Nina soksi sita. Zinafuliwa Jumapili.

Kibodi nitaipitia upesi, maana hapa mhamaji anapoteza kidogo na kupata kidogo. Kidole cha kati kwenye W, cha pete kwenye A, cha shahada kwenye D, dole gumba kwenye kitufe kirefu cha kurukia, cha mwisho kwenye Shift. Kijiti cha kushoto kilikuwa kinakupeleka upande wowote kwa mwendo wowote. Herufi nne zinakupa pande nane na mwendo mmoja. Lakini herufi zinakatika ghafla, na kwenye Counter-Strike hilo ni mali. Ukipiga risasi huku unatembea, risasi zinatawanyika, kwa hiyo unatakiwa kusimama kwanza, na ukiachia tu A mtu wako anateleza kidogo kabla hajatulia. Ukiachia A na kugusa D papo hapo, anakwama palepale kama daladala iliyoona trafiki. Wa pedi wamefundishwa kinyume chake: kwao kutembea huku unapiga ndiko kunakomwamsha yule msaidizi. Tabia hii inachelewa kufa kuliko zote. Dogo aliendelea kutembea na kukosa kwa siku kumi.

Mambo mawili ya kibodi yanayoonekana kama uchawi. La kwanza: ukigonga Shift mara tano haraka, Windows inakuletea kisanduku cha maswali katikati ya vita. Kizime kwenye mipangilio kabla hujaanza. La pili: kibodi za bei ndogo hazina waya wa kila kitufe; vitufe vimepangwa kwa safu na mistari inayoshirikiana, na ukibonyeza vitatu au vinne kwa pamoja kimoja kinaweza kupotea. Unakimbia mshazari, unabonyeza cha kuruka, na huruki. Kabla ya kununua Kariakoo, mwambie muuzaji akuchomekee, shikilia Shift zote mbili, andika herufi zote kuanzia A hadi Z. Zile zisizotokea ndizo zitakazokuua. Muuzaji atakuangalia vibaya. Mwache.

Na kwenye mipangilio ya mausi ya Windows kuna kisanduku kinachodai kuongeza usahihi wa mshale, nacho mara nyingi utakikuta kimetiwa tiki. Kinachofanya ni kuuongeza mwendo ukisogeza mausi haraka, yaani kinairudisha koki ya bomba kwa mlango wa nyuma: sentimita tano za haraka haziwi sawa na sentimita tano za polepole. Counter-Strike 2 inaisoma mausi yenyewe bila kupitia hapo, lakini gemu za zamani nyingi hazifanyi hivyo. Niliicheza Counter-Strike 1.6 hosteli miaka mingi, kompyuta zimeunganishwa kwa waya bila intaneti, nikijiona sina mkono. Nilikuwa nao. Tiki ndiyo iliyokuwa inanisumbua, na hakuna mtu mle ndani aliyelijua hilo.

Intaneti nitaitaja kwa sababu kila aliyefungwa anaitaja. Seva za karibu za Counter-Strike ziko Johannesburg. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,500, na mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 25 hata ukipewa waya wako peke yako. Kwa kuwa njia inapita baharini na kwenye mitambo mingi, utaona mara mbili yake na zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini kusini mwa Afrika, nusu ya Afrika Mashariki ilikaa kama kisiwani. Lakini hilo halichagui pedi wala mausi. Kwa anayejifunza kuhama, seva nzuri ni ile iliyo ndani ya kompyuta yake, akicheza na roboti, bila bando.

Ndivyo tulivyofanya na dogo. Nusu saa kwa siku, roboti tu, bunduki moja tu, hakuna kuhesabu vifo. Siku tano za kwanza nilimkataza hata kukimbia: simama, lenga ukutani kimo cha kichwa, tembea hatua mbili, simama tena, alama ikiwa bado kimo cha kichwa. Ndipo nikamwongezea AK-47, ambayo ukiishikilia inapanda juu kwa mchoro ule ule kila mara, na mausi unaishusha polepole chini kama unafuta vumbi mezani kuelekea tumboni. Kwa niliowaona, wiki ya tatu ndiyo inayoamua. Mkono unaacha kuuliza. Siku ya kumi na tisa alimgeukia roboti aliyetokea nyuma, akanyanyua mausi katikati ya mgeuko, akaishusha, akampiga. Hakuona kwamba ameinyanyua. Mimi niliona.

Mpira bado anacheza kwa pedi, na yuko sawa. Mausi haina la kumfanyia mchezaji anayekimbia pembeni na kupiga krosi. Lakini Jumamosi moja nilimkuta kwenye PS4 ameifungua Black Ops 3, yuko ndani ya mipangilio, anashuka mstari kwa mstari anasoma. Akauzima ule msaada wa kulenga. Mpinzani wake, kijana wa Zakhem, hakujua. Benchi lilitulia kuangalia kilichompata bingwa wao: risasi zinapita kushoto, zinapita kulia, ndoo zinafurika. Alifungwa vibaya. Wakamzomea.

Akacheka peke yake, akairudia mipangilio, akauwasha. Akatoa mia tano nyingine, akaniwekea kwenye meza ya ufundi bila kunitazama, akarudi kukaa.